Kicheko si ucheshi: kilichotokea Kashasha na mengine tunayoyachanganya

Kila baada ya miezi kadhaa ujumbe uleule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp. Unasema kwamba mwaka 1962 huko Tanganyika mwanafunzi mmoja alitoa kichekesho, wenzake wakaangua kicheko, kicheko kikaenea nchi nzima, na watu wakacheka mfululizo kwa mwaka mmoja na nusu. Mara ya mwisho niliukuta kwenye kundi la ukoo wetu, na chini yake kila mtu ameshaweka kile kikatuni cha kucheka hadi machozi. Mpwa wangu aliye kidato cha tatu akanifuata pembeni: "Mjomba, hicho kichekesho kilikuwa kinasemaje?"

Nikamwambia hakukuwa na kichekesho. Akaona namzuga. Nikamwahidi jibu kamili, na ndilo hili.

Mwaka unaotajwa kwenye ujumbe ule ni wa kweli, na mahali ni pa kweli: Kashasha, mkoani Kagera. Kinachoupotosha ni imani ambayo karibu sote tunayo, kwamba anayecheka ameona kitu cha kuchekesha. Watafiti wa saikolojia, ubongo, lugha na jamii wamekuwa wakiipima imani hiyo kwa miongo mingi, na tangu 1988 wana hata jarida la kitaaluma linaloshughulika na ucheshi peke yake. Waliyoyapata yanatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa sababu baadhi ya maarifa yao yametoka kwetu: Bukoba, Usambara, na kwenye misiba ya watu wa pwani.

Kitenzi kimoja, mambo mengi

Kiswahili kimeshatufanyia nusu ya kazi. Kumcheka mtu ni kumdhihaki. Kucheka naye ni kuwa naye karibu. Kumchekea ni kumpa uso wa kumkubali, au kumlegezea, ndiyo maana bibi husema: "Huyo mtoto unamchekea mno, atakupanda kichwani." Kumchekesha ni kumfanya acheke. Katika hivi vyote, kinachohitaji kichekesho ni hicho cha mwisho tu.

Chukua methali ambayo kila mtu anaijua: ukicheka na nyani, utavuna mabua. Nyani hajamsimulia mkulima chochote. Methali inamwonya asiwe na urafiki na anayemlia mahindi. Waliotunga maneno hayo walijua kwamba kucheka ni namna ya kukaa na mtu, kabla mtafiti yeyote hajashika kinasa sauti.

Basi tutenganishe mambo matatu. Kicheko ni sauti na mtikisiko wa mwili: pumzi inakatwakatwa, mabega yanacheza, macho yanajikunja. Ucheshi ni ile hali ya jambo au maneno kuwa ya kuchekesha, na unaweza kuwepo bila kicheko, kama unaposoma kibonzo peke yako ukaishia kutabasamu. Utani ni uhusiano: nani ameruhusiwa kumrushia nani maneno.

Kicheko na ucheshi vinahusiana kama chafya na pilipili. Pilipili itakutoa chafya, lakini hata vumbi litakutoa, na mafua pia. Daktari anayesikia chafya na kukimbilia kuuliza pilipili iko wapi atakosa magonjwa mengi. Utani nao ni ruhusa ya kuingia jikoni kwa mtu bila hodi. Wenye ruhusa hiyo wanajulikana, na asiye nayo akiingia ni mwizi.

Daftari kwenye daladala

Mtu aliyeligeuza hili kuwa sayansi ya kuhesabika ni Robert Provine, aliyekuwa mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, Marekani. Kwanza alifanya ambalo wengi wangefanya: aliwaita watu maabara akawaonyesha vichekesho. Hawakucheka sana. Ndipo akatoka nje na wanafunzi wake, wakaenda madukani na barabarani, wakawa wanaandika kila kicheko wanachokisikia: nani kacheka, na neno gani limesemwa kabla yake. Walikusanya vicheko 1,200.

Walipoyasoma yale maneno, kati ya asilimia 10 na 20 tu ndiyo yalifanana na kichekesho kwa namna yoyote. Mengine yote yalikuwa ya kawaida kabisa, ya aina ya "nami nimefurahi kukuona" au "haya, mimi natangulia." Wakaona pia kwamba anayezungumza hucheka kuliko anayesikiliza, kwa asilimia 46 zaidi. Na katika utafiti mwingine ambapo watu waliandika wenyewe wanacheka lini, ilionekana mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake, ukiondoa wakati anapotazama televisheni au kusoma.

Sikuliamini hilo mpaka nilipolijaribu. Nilipanda daladala la Mbagala kwenda Kariakoo asubuhi, nikakaa kiti cha nyuma na daftari dogo, kila mtu akicheka naandika maneno yaliyotangulia. Mama mwenye ndoo ya samaki alimwambia konda, "Chenji yangu usiisahau, baba," akacheka. Vijana wawili waliovaa sare za kiwandani: "We nawe, umeshaanza," wakacheka wote wawili. Mzee mmoja aliyekanyagwa mguu: "Hamna neno," akacheka, na aliyemkanyaga akacheka zaidi yake. Ukurasa ulijaa hivyo hadi Mtoni kwa Azizi Ali. Kichekesho chenye sura ya kichekesho nilikipata kimoja tu, konda alipowaambia watu waliobanana kama dagaa, "Sogeeni, nyuma kweupe kabisa!"

Mfuatilie huyo mzee aliyekanyagwa. Kicheko chake hakikusema kwamba mguu wake unachekesha. Kilisema: sijakasirika, tuendelee. Mwenzake akajibu: nimekusikia, ahsante. Habari yote hiyo ilipita kwa sekunde mbili bila neno. Ukikiondoa kicheko ukabakiza "hamna neno" kavu, abiria wote wangegeuka kuangalia kama ugomvi umeanza.

Provine aligundua jambo jingine linaloendana na hili. Ni nadra kicheko cha msemaji kumkatiza katikati ya sentensi. Hukaa mwishoni, pale ambapo ungeweka nukta au mkato. Ni sehemu ya mazungumzo, ina nafasi yake kama alama za uandishi.

Sauti yenyewe ina kanuni. Kila "ha" huchukua karibu sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, na zinafuatana kwa takriban sehemu moja ya tano. Weka kiganja tumboni ucheke, utasikia pumzi moja inayotoka ikikatwa vipande. Sokwe naye hucheka, hasa akitekenywa au akicheza, ila yeye hupumua nje na ndani kwa kila sauti, kama anayetweta. Mwaka 2009 Marina Davila Ross na wenzake walilinganisha sauti za orangutani, sokwe, bonobo, gorila na watoto wachanga wa binadamu walipotekenywa, wakaona zinapangika kama matawi ya mti mmoja wa ukoo. Kicheko kilikuwepo kabla ya lugha, na kabla ya lugha hapakuwa na vichekesho vya kusimuliana.

Je, cha adabu ni cha uongo?

Hapa watu huuliza: basi vile vicheko vya daladala ni unafiki? Sioni hivyo, na utafiti hauonyeshi hivyo. Sophie Scott wa University College London amechunguza kwa miaka tofauti ya kicheko kinachokutoka chenyewe na kile unachokitoa kwa hiari. Sauti zake ni tofauti, na ubongo wa anayesikiliza huzipokea tofauti. Kile cha kujitokea hupanda juu, sauti ambayo huwezi kuipandisha kwa kuongea tu. Kile cha hiari kinafuata mazungumzo. Lakini vyote viwili vina kazi ya kweli. Salamu ya "shikamoo" huitoi kwa sababu moyo umefurika. Unaitoa kwa sababu unamtambua mtu aliye mbele yako, na hakuna anayeiita uongo.

Masikio yetu ni makali katika hili kuliko tunavyojua. Mwaka 2016 Greg Bryant na kundi kubwa la watafiti walichapisha majaribio waliyoyafanya katika jamii 24 duniani. Waliwasikilizisha watu sekunde moja tu ya sauti ya watu wawili wanaocheka pamoja, bila picha wala maneno, wakawauliza: hawa ni marafiki au wamekutana leo? Katika kila jamii watu walipatia kuliko ambavyo wangepatia kwa kubahatisha. Lugha ya waliocheka haikuwa kizuizi.

Kuna wasiofurahia kipaji hicho. Willibald Ruch wa Chuo Kikuu cha Zürich na wenzake wameandika sana kuhusu watu ambao kila kicheko wanachokisikia hudhani wanachekwa wao. Kundi likicheka upande wa pili wa barabara, wao hujikagua nguo. Kwao kucheka kokote ni kumcheka mtu. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo darasani, kumwambia "acha kujishtukia" hakumsaidii. Yeye kweli anasikia dhihaka pale wengine wanaposikia furaha.

Sufuria ya Abunuwasi

Sasa tuje kwenye ucheshi wenyewe. Kisa cha Abunuwasi na sufuria wengi tulisimuliwa utotoni. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na kisufuria ndani. "Imezaa," akasema. Jirani akapokea zote mbili kwa furaha. Baadaye Abunuwasi akaazima tena, safari hii hakurudisha. Jirani alipodai, akaambiwa, "Pole sana, ilikufa." Jirani akawaka: "Sufuria inakufaje?" Naye akajibu, "Uliamini kwamba imezaa, kwa nini usiamini kwamba imekufa?"

Kwa nini inachekesha? Wanafalsafa wamegombana kuhusu swali hili zaidi ya miaka elfu mbili, na majibu yao makubwa yote yanaingia kwenye sufuria hii moja. Wa kwanza wanasema tunacheka tunapojiona juu ya mwingine. Thomas Hobbes, Mwingereza, aliandika hivyo mwaka 1651, akifuata wazo lililoanzia kwa Wagiriki wa kale. Kwa jibu hili tunamcheka jirani mlafi aliyenaswa na ulafi wake. Wa pili wanasema tunacheka kitu kinapogongana na tulichokitarajia. Immanuel Kant aliliandika wazo hilo mwaka 1790. Chombo hakizai, na bado jibu la mwisho la Abunuwasi lina mantiki isiyo na pa kupingwa. Wa tatu, ambao Sigmund Freud aliwatolea kitabu kizima mwaka 1905, wanasema kicheko hufungua kitu tulichokuwa tumekibana ndani, kama mvuke unaoinua mfuniko.

Kila jibu limeshika ukweli, na kila moja lina tundu. Aliyeteleza kwenye matope anachekesha, lakini aliyegongwa na gari hachekeshi, ingawa wote wawili wako chini na sisi tumesimama. Kukuta nyoka kitandani ni jambo usilolitarajia kabisa, na hakuna anayecheka.

Mwaka 2010 Peter McGraw na Caleb Warren wa Chuo Kikuu cha Colorado walipendekeza jibu ambalo mimi naliona lina nguvu kwa sababu linaziba matundu mengi kwa mpigo. Walisema ucheshi huzaliwa pale jambo linapovunja taratibu, na papo hapo likaonekana halina madhara. Yote mawili yawepo kwa wakati mmoja. Kutekenywa ndio mfano wake mwepesi kuliko yote. Kaka yako akikutekenya ubavuni, ni shambulio, lakini unamjua, unacheka. Mgeni kituoni akikugusa ubavuni hivyohivyo, utapiga kelele, kwa sababu madhara yapo. Na ukijitekenya mwenyewe hakuna kitu, kwa sababu hakuna shambulio. Sarah-Jayne Blakemore na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba ubongo hubashiri mguso wa mkono wako mwenyewe na kuupunguza makali kabla haujafika.

Nadharia hii nayo haijamaliza kazi. Ni rahisi kuielezea baada ya watu kucheka, na ni vigumu kuitumia kubashiri nani atacheka nini kesho. Lakini inatufikisha kwenye swali ambalo Waafrika Mashariki tuna la kulisema: nini kinachofanya uvunjaji wa taratibu uonekane hauna madhara?

Msibani Kisarawe

Nilikwenda kumzika babu wa rafiki yangu, Mzaramo, kijijini Kisarawe. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, bibi mjane katikati yao, hajasema neno tangu alfajiri. Mlango wa nyumba ukafunguliwa, akatoka mwanamke wa makamo amevaa koti la marehemu na baraghashia yake, mkono umeshika mkongojo wake. Akatembea kwa kuburuta mguu wa kushoto vilevile alivyouburuta yule mzee. Akasimama mbele ya mikeka, akakohoa mara mbili, kikohozi ambacho kila mtu pale alikijua, akasema: "Nimekufa jana tu, mmeshagawana sahani yangu?"

Nilihisi damu inanisimama. Kisha nikamsikia bibi. Alianza kwa sauti ndogo, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika, akacheka mpaka akainama. Halafu kicheko kikageuka kilio, kilio chenyewe hasa, ambacho tangu asubuhi kilikuwa kimekwama. Wanawake wakamzunguka.

Yule mwanamke alikuwa Mnyamwezi, mtani. Ndugu zake watatu walikuwa wameshalala chini kwenye njia ya kwenda makaburini, wanadai jeneza halipiti mpaka walipwe, "mtumwa wetu haondoki bure." Wakapewa fedha kidogo, wakainuka, wakawa wa kwanza kushika majembe. Waliokuwa jikoni wakichochea sufuria kubwa za wali nao walikuwa watani.

Utani wa aina hii umeingia kwenye vitabu vya elimu ya jamii duniani kote. Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia wa Uingereza, aliandika makala ambayo bado inasomeshwa, akieleza uhusiano ambao mila inamruhusu mtu, wakati mwingine inamlazimu, kumfanyia mwenzake mzaha, na mwenzake haruhusiwi kukasirika. Hoja yake ni kwamba kuna watu ambao tunahitaji kuwa nao karibu na papo hapo kuna nafasi kubwa ya kugombana nao. Wakwe ni mfano. Jamii ina njia mbili za kulinda uhusiano huo. Moja ni heshima ya kujitenga, kama mkwe anayempisha mama mkwe njia. Nyingine ni kuufanya ugomvi uwe mchezo wa kila siku, kama na shemeji. Babu na mjukuu wanaitana mume na mke kwa mantiki hiyohiyo.

Muda mfupi baadaye, mtu aliyeandika kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika kwa mapana alikuwa R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege wa porini aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki. Makala zake za miaka ya 1940 zinafuatilia utani hadi kwenye vita vya zamani na kwenye njia za misafara. Wanyamwezi walikuwa wapagazi, wakitembea miezi kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Mtu aliye mbali na kwao akiugua au akifa njiani, anahitaji mwenyeji ambaye si ndugu lakini ana wajibu kama ndugu. Utani ulimpa huyo. Miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya maelezo zaidi kutoka makabila mengi, kazi iliyosimamiwa na Stephen Lucas.

Rudi sasa kwa yule mwanamke wa koti. Maneno yake yalikuwa makali kiasi kwamba mimi ningeyasema ningetolewa pale kwa mateke. Hayakuwa na madhara kwa sababu ya yeye alikuwa nani kwao na kwa sababu ya jembe na sufuria vilivyofuata. Usalama wa mzaha ulikuwa kwenye uhusiano, na uhusiano ulilipiwa kwa jasho.

Hapa ndipo mijadala yetu ya mitandaoni hupotea. Mtu anaandika neno la kuudhi kuhusu kabila fulani au ulemavu wa mtu, akibanwa anasema, "Nilikuwa natania tu." Halafu watu wanabishana kama sentensi yenyewe inachekesha. Swali sahihi ni jingine: wewe na yeye ni watani tangu lini? Kwake una wajibu gani? Naye anaruhusiwa kukujibu hivyohivyo? Mashabiki wa Simba na Yanga wanajiita watani wa jadi na kwa kiasi kikubwa ni kweli, kwa sababu kesho zamu ya kuchekwa inageuka. Mwajiri anayemtania mfanyakazi wake kuhusu mwili wake hajawa mtani, maana mfanyakazi hawezi kumrudishia na kubaki na kazi.

Dawa, lakini ya nini?

Kuna ujumbe mwingine unaosambaa, kwamba kucheka kila siku kunatibu presha, kisukari hata saratani. Asili yake kubwa ni Norman Cousins, mhariri wa jarida nchini Marekani aliyeugua vibaya mwaka 1964. Aliandika baadaye kwamba dakika kumi za kucheka kwa nguvu zilimpa saa mbili za usingizi bila maumivu. Wanaosambaza kisa chake huacha kwamba alikuwa pia akipewa vitamini C kwa wingi, na kwamba mgonjwa mmoja hatoshi kuthibitisha tiba.

Lililothibitishwa ni dogo zaidi, nami naliona ni zuri zaidi. Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walipima uwezo wa watu kuvumilia maumivu kabla na baada ya kucheka kwa pamoja, wakaona unapanda. Mwaka 2017 watafiti wa Turku, Finland, walipiga picha za ubongo na kuona kwamba baada ya kucheka na marafiki mwili hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Rod Martin wa Kanada, aliyepitia tafiti nyingi za afya na ucheshi mwaka 2001, hakukuta ushahidi wa kutosha kwamba kucheka kunaponya magonjwa. Kwa hiyo kacheke na wenzako, na dawa zako za presha meza kama ulivyoandikiwa.

Kashasha

Sasa tunaweza kumjibu mpwa wangu. Kashasha iko katika wilaya ya sasa ya Muleba, mkoani Kagera, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Palikuwa na shule ya bweni ya wasichana ya misheni. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, wengi wao wa miaka 12 hadi 18. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa.

Wasichana wakarudishwa makwao. Mwezi wa Aprili na Mei hali hiyo ikajitokeza Nshamba, walikotoka baadhi yao, ikawapata watu 217, wengi wao vijana na watoto wa shule. Kashasha ikafunguliwa tarehe 21 Mei, wengine 57 wakapatwa, ikafungwa tena. Mwezi Juni ikawa zamu ya shule ya wasichana ya Ramashenye karibu na Bukoba, 48 kati ya 154. Mpaka mambo yanatulia, shule 14 zilikuwa zimefungwa na watu wapatao 1,000 walikuwa wamepatwa. Hakuna aliyekufa.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliwachunguza na kuchapisha ripoti yao mwaka 1963. Vipimo havikuonyesha ugonjwa wa kuambukiza wala sumu. Walichokieleza hakifanani na ule ujumbe wa WhatsApp. Hali ilimpata mtu kwa saa chache hadi siku 16, ikija na kuondoka. Mwili hauwezi kucheka miezi mfululizo, kwa sababu kicheko ni pumzi inayotoka na mtu lazima avute nyingine. Na kucheka kulichanganyika na kulia, kuhangaika, kukimbia ovyo. Wengine walipigana walipozuiwa. Wengine walisema wanahisi kuna mtu anawafukuza.

Mwaka 2007 Christian Hempelmann, mtafiti wa ucheshi, aliirudia ripoti hiyo na kupinga waziwazi tabia ya kuitumia kama mfano wa nguvu ya vichekesho. Kwake kicheko kilikuwa dalili mojawapo ya msongo ulioipata jamii ndogo iliyofungiwa pamoja, kama chafya isiyo na pilipili. Tunaijua hali hiyo kwa sura nyingine: wasichana wa bweni wanaanza kuanguka na kupiga mayowe mmoja baada ya mwingine, wazazi wanasema mapepo, shule inafungwa wiki mbili. Mara nyingi ni watoto wasio na sauti nyingine ya kusema kwamba wamezidiwa. Wasichana wa Kashasha walikuwa mbali na nyumbani, chini ya nidhamu kali, katika nchi iliyokuwa na uhuru wa chini ya miezi miwili, na matumaini ya ukoo mzima yako kwenye madaftari yao.

Nilipomaliza kumweleza, mpwa wangu alikaa kimya akiangalia simu. Kisha akauliza, "Sasa nani aliwabembeleza?"

Walirudishwa kwa mama zao, nikamwambia.